Uliza Nikujibu: Yule Mcheki aliyemkanyaga Messi

Toleo lililopita kuna mtu aliniuliza beki gani alimfanyia Messi rafu mbaya kuliko wote, nikajibu mstari mmoja tu: Tomáš Ujfaluši, halafu nikaongeza "ila alikuwa beki mzuri sana", nikapita zangu. Kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Meseji zimemiminika, nyingine za heshima, nyingine mama yangu asingependa kuzisoma. Kwahiyo leo safu nzima ni ya huyu jamaa, beki wa zamani wa Czech, swali la bei ya jezi na lile la kocha wa timu ya kijiji yatasubiri.

SWALI: Wewe mwandishi usitulishe matango pori. Yule jamaa alimvunja Messi mguu, tena makusudi, mimi niliona laivu 2010 na nilikosa usingizi. Mtu kama yule ulipaswa kumwita mchinjaji sio beki mzuri. Au na wewe ni Real Madrid unajificha? — Barca Damu, Kahama

JIBU: Kaka wa Kahama, pole, najua kidonda cha shabiki hakikauki. Ila mguu haukuvunjika. Ilikuwa Jumapili tarehe 19 Septemba 2010, uwanja wa Vicente Calderón, Atlético Madrid na Barcelona, Messi kafunga mapema, Raúl García kachomoa, Piqué kaweka la pili, dakika 90 zimeshakata na watu wanasubiri filimbi tu, ndipo Messi anaugusa mpira na kuuachia na Ujfaluši, beki wa Atlético, anafika amechelewa na njumu zinatua juu ya enka ya kulia. Zile picha za marudio mimi naziangalia kwa jicho moja mpaka leo, enka inapinda kwa ndani kama ndala inavyokusaliti ukiwa unakimbilia daladala. Kadi nyekundu papo hapo, na ilikuwa halali yake. Messi akatolewa kwa machela, dunia nzima ikadhani msimu umeisha, walipompima wakakuta ni nyuzi za enka zimevutika. Tarehe 29 mwezi huo huo alikuwa Urusi anaingia kama sub dhidi ya Rubin Kazan, siku 10 tu. Ujfaluši akaomba radhi, akafungiwa mechi 2.

Makusudi au sio makusudi, mimi siwezi kuingia moyoni mwa mtu. Nitakwambia ninachokijua. Nimecheza ndondo namba nne kwa miaka mingi, na kuna jioni moja tukiwa tumeshafungwa na winga wao anatuchezea tu, nilienda kwenye mpira ambao nilijua kabisa siufikii. Nilijua! Lakini mguu ulishatoka. Yule winga alikaa nje wiki tatu, na mpaka kesho tukikutana sokoni anapiga kelele "muuaji huyoo" mbele ya wauza nyanya, wote wanacheka. Hajawahi kukumbuka hata siku moja kwamba mechi ya marudiano nilimkaba dakika 90 hakupiga hata shuti moja golini. Hiyo hakuna anayeihadithia.

Sasa unauliza kwa nini namwita mzuri. Twende Italia. Fiorentina ilifilisika 2002, ikashushwa mpaka daraja la chini kabisa la kulipwa, ikapanda haraka haraka, na 2004 iliporudi Serie A ndio ikamnunua huyu Mcheki kutoka Hamburg. Alikaa miaka 4 mpaka 2008. Katikati hapo likatokea lile sakata la kupanga waamuzi, Fiorentina nayo ikaadhibiwa, msimu wa 2006/07 ikaanza ligi ikiwa na alama 15 chini ya sifuri, yaani unashinda mechi 5 ndio unafika sifuri, na bado ilimaliza nafasi ya 6. Timu haifanyi hivyo bila ukuta. Msimu uliofuata wakafika nusu fainali ya Kombe la UEFA wakakutana na Rangers ya Scotland, 0-0 kule, 0-0 huku na dakika za nyongeza juu, jumla dakika 210 hawajafungwa bao hata moja, halafu wakatolewa kwa matuta 4-2. Wewe fikiria maisha ya beki hayo.

Na hapana, mimi sio Real Madrid. Mimi ni Coastal Union, nina matatizo yangu ya kutosha.

SWALI: Hilo jina mnalisomaje? Mtangazaji mmoja alikuwa anasema "Ujifalusi" mwingine "Yufalushi". Na mbona halifanani na majina mengine ya Wacheki? — Mwalimu wa Kiswahili, Iringa

JIBU: Mwalimu shikamoo. Soma "Uyfalushi", hiyo j yao ni y yetu na ile s yenye kofia ni sh. Umenusa vizuri kwamba halifanani, kwa sababu asili yake ni Kihungaria: új ni mpya, falu ni kijiji, hivyo ni kama mtu anaitwa "wa Kijiji Kipya". Eneo lile la Ulaya ya kati mipaka imehamahama sana na majina yakahama nayo. Yeye mwenyewe amezaliwa Rýmařov, mji mdogo wa Moravia, tarehe 24 Machi 1978, enzi hizo nchi bado inaitwa Chekoslovakia. Soka la wakubwa akaanzia Sigma Olomouc hapo hapo Moravia, sio Prague kama mastaa wengi, na huko ndiko Hamburg walikomtoa msimu wa 2000/01.

SWALI: Sasa bro, kuna msee hapa base anasema huyo Ujfaluši ndiye alipewa red na Ghana World Cup ya 2006. Mimi nasema ni Czech mwingine. Tumeweka soo tano, saidia haraka. — Nakuru

JIBU: Toa hiyo mia tano, msee wako ameshinda.

Hii mechi acha niielezee kidogo kwa sababu naipenda. Tarehe 17 Juni 2006, Köln. Wacheki walikuwa wa moto, mechi ya kwanza wamewachapa Marekani 3-0, ila kwenye mechi hiyo hiyo wakampoteza yule straika wao mrefu Koller kwa maumivu ya paja. Ghana walikuwa wamepigwa 2-0 na Italia. Kila mtu anasema Ghana wanaenda kuaga.

Mwaka ule kwetu ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, mabwawa yamekauka, kwahiyo tuko kibanda umiza watu kama sitini tumebanana kwenye mabenchi, jenereta inaunguruma nje, kiingilio mia mbili. Mpira hata hatujakaa vizuri, dakika ya 2 Asamoah Gyan anafunga. Kibanda kinataka kuanguka. Baada ya hapo Ghana wanakosa, wanakosa, wanakosa, kipa Petr Čech anadaka kila kitu. Dakika ya 65 Amoah anatoroka anaelekea golini, Ujfaluši yuko nyuma yake, nywele ndefu zile na kitambaa kichwani, anamwangusha ndani ya boksi. Penalti na kadi nyekundu. Refa alikuwa Horacio Elizondo wa Argentina, na huyu huyu ndiye baadaye kwenye mashindano yale yale alimtoa Rooney robo fainali na Zidane kwenye fainali, hivyo Ujfaluši yupo kwenye orodha ya watu wazito.

Gyan anauweka mpira, na hapo hapo jenereta ikazima.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Mwenye kibanda anatukanwa koo zote, mtu anakimbia na chupa ya petroli, na sisi tukiwa gizani tukasikia nyumba ya pili mwenye redio anapiga kelele tukajua limeingia, tukakumbatiana, tukaimba. Picha iliporudi bado 1-0. Gyan alikuwa amegongesha mwamba! Yaani tulishangilia bao ambalo halikuwepo. Muntari ndiye aliyetutuliza dakika ya 82, ikaisha 2-0, ushindi wa kwanza kabisa wa Ghana kwenye Kombe la Dunia.

Kwa Wacheki ndio ulikuwa mwisho wa hadithi. Mechi ya tatu na Italia Ujfaluši yuko jukwaani anatumikia adhabu, wakala 2-0 nyingine, wakafungasha. Na unajua ile mechi ya Italia ilipigwa wapi? Hamburg, mji aliocheza miaka mitatu na nusu. Shika hilo jina la mji, tutalirudia.

SWALI: Shikamoo. Mimi nina miaka 17 nacheza namba tano. Kocha mpya amenihamishia namba mbili, beki wa kulia, anasema mimi mrefu nitasaidia pembeni, lakini winga wananikimbiza na naona ananishusha tu ili mtoto wa rafiki yake acheze kati. Nihame timu? — Beki Kisiki, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mambo ya mtoto wa rafiki siyajui, huo ugomvi kamalizane nao huko. Ila kuhusu kushushwa, nikupe mfano wa mtu wetu wa leo.

Ujfaluši alienda Atlético Madrid 2008 akiwa mchezaji huru, miaka 30, beki wa kati mwenye jina lake. Baadaye wakawa wanampanga kulia. Miaka 30 na zaidi unaambiwa nenda pembeni ukakimbizane na vijana, wengine wangepiga simu kwa wakala siku hiyo hiyo. Yeye akacheza. Angalia kilichofuata. Msimu wa 2009/10 Atlético walikuwa wabovu Ligi ya Mabingwa, kundi zima hawakushinda mechi hata moja, sare 3 vipigo 3, wakashukia Ligi ya Yuropa kama mtu anayedondoka kwenye mwembe akatua kwenye godoro. Huko nako hawakuwa wakishinda ovyo. Wakawatoa Galatasaray, wakawatoa Sporting ya Ureno kwa sare mbili (enzi hizo jumla ikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye anapita), wakawatoa Valencia kwa sare mbili, wakawatoa Liverpool kwa bao la ugenini. Ukijumlisha na fainali, mechi 9 wameshinda 3, na wamebeba kombe. Timu inayoenda hivyo inaishi kwa kutofungwa la ziada, sio kwa kufunga mengi, hata kama mbele kuna Forlán na Agüero.

Fainali yenyewe ilikuwa tarehe 12 Mei 2010, na uwanja ulikuwa wa Hamburg. Hamburg wenyewe walikuwa wamefika nusu fainali, watu wa mji wameshaanza kuota fainali nyumbani, Fulham akawatoa. Hivyo usiku ule mtu pekee wa kikosi cha Atlético aliyewahi kuuita uwanja ule nyumbani alikuwa huyu Mcheki, namba mbili, beki wa kulia, dakika zote 120. Forlán akafunga, Fulham wakachomoa kupitia Simon Davies, Forlán tena dakika ya 116. Agosti mwaka huo huo wakaenda Monaco wakawapiga Inter 2-0 kwenye Super Cup, Inter hawa walikuwa ndio mabingwa wa Ulaya, na kulia yupo yeye tena. Wiki tatu baadaye ndio ikatokea ile ya Messi. Wiki tatu!

Sasa kitu cha kuiga, na uangalie klipu za fainali ile uone. Beki wa kati akihamia pembeni kosa lake la kwanza ni kutaka kushindana mbio. Ujfaluši hakuwa anashindana mbio na mtu. Alikuwa anasimama hatua moja au mbili ndani zaidi kuliko mabeki wa kulia wengi, karibu na beki wa kati wake, ili winga akipokea mpira aone njia iliyo wazi ni ya nje tu, huko kwenye chaki. Winga akishachukua njia hiyo, chaki inamkaba na wewe unamkaba, mnakuwa wawili. Na hapandi hovyo. Akishampa mpira winga wake wa mbele anabaki, labda mara tatu nne kwa mechi ndio anasogea kupiga krosi. Wewe naona, bila kukuona, unapanda kila mpira kwa sababu umesikia beki wa kulia wa kisasa anapanda, halafu unarudi umekata pumzi na winga ameshapita. Punguza. Mwambie kocha akuwekee kiungo wa kukufunikia ndio upande.

Usihame kabla msimu haujaisha. Ukihama sasa utaenda kuanzia benchi.

SWALI: Mume wangu ni mfuasi wa Galatasaray, sijui alirogwa na nani huku Tanga, na anasema Ujfaluši ndiye aliyewapa ubingwa. Kweli au ananidanganya kama kawaida yake? — Mama Twaha

JIBU: Dada yangu, safari hii hakukudanganya, labda ametia chumvi kidogo. Alisajiliwa kiangazi cha 2011 chini ya kocha Fatih Terim, timu imetoka kwenye msimu mbovu sana, akawa anacheza kati pamoja na kijana Semih Kaya ambaye alikuwa bado mbichi, mkubwa anaelekeza mdogo anakimbia. Wakabeba ubingwa msimu huo huo wa 2011/12, na waliumalizia kwa sare ya 0-0 kwenye uwanja wa mahasimu wao Fenerbahçe, tarehe 12 Mei 2012. Umeona hiyo tarehe? Miaka 2 kamili baada ya Hamburg.

Ila muulize mumeo kama anajua hili. Kiangazi kile kile Ujfaluši anatoka Atlético kwenda Galatasaray, Arda Turan alikuwa anatoka Galatasaray kwenda Atlético. Na Arda huyu ndiye aliyemuumiza roho Ujfaluši Euro ya 2008. Geneva, tarehe 15 Juni, Czech na Uturuki, anayeshinda anaenda robo fainali, Ujfaluši ndiye kapteni, wanaongoza 2-0 mpaka dakika ya 75. Arda akafunga moja. Dakika ya 87 krosi ya kawaida kabisa, Čech, kipa ambaye hata usingizini anadaka, ukamteleza mikononi, Nihat akasukumia. Dakika ya 89 Nihat tena. 3-2. Nilikuwa nimeshaagiza chipsi ya kusherehekea nikaila kimya.

SWALI: Mbona aliacha timu ya taifa mapema? Nasikia mambo ya pombe. — Bila jina, Mwanza

JIBU: Aprili 2009 Wacheki walifungwa 2-1 na Slovakia, tena Prague, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la 2010. Kupigwa na Slovakia kwao ni kama kupigwa na mdogo wako wa kuzaliwa mbele ya wakwe. Baada ya mechi magazeti yakatoka na habari za sherehe ya wachezaji hotelini usiku ule, nchi ikachafuka, naye akatangaza anastaafu timu ya taifa. Alikuwa na mechi 78 na mabao 2. Kufuzu hawakufuzu.

Mimi nadhani alikosea kusherehekea usiku ule, hata kama ni kunywa soda tu. Lakini kinachoniuma ni kwamba watu wanaujua usiku huo kuliko Ureno 2004, ile Euro ambayo Wacheki walikuwa timu tamu kuliko zote, Nedvěd, Rosický, Baroš, Poborský. Walifungwa 2-0 na Uholanzi wakageuza 3-2. Walishinda mechi zote tatu za kundi, wakawapa Denmark 3-0. Timu inashambulia na watu saba, Uholanzi yenyewe ina Robben pembeni, sasa nani anabaki nyuma? Ujfaluši ndiye mmoja wa waliobaki nyuma. Nusu fainali wakakutana na Ugiriki, Poborský anapiga kona na krosi mpaka miguu inamwisha, Nedvěd anatoka ameumia goti, na dakika za nyongeza, mwisho kabisa wa kipindi cha kwanza, kona, Dellas kichwa, sheria ya bao la fedha, yaani anayeongoza kipindi cha kwanza cha nyongeza kikiisha ndiye mshindi, mpira umeisha. Sheria ile ikafutwa baada ya mashindano yale. Ningeulizwa mimi wangeifuta siku moja kabla.

SWALI: Nina miaka 36, nacheza maveterani kila Jumamosi. Goti linavimba nikicheza, Jumatano linakuwa sawa, Jumamosi nacheza tena. Huyo Ujfaluši alistaafu na miaka mingapi? Maana naona mabeki wanadumu. — Kigamboni

JIBU: Wewe umekuja kutafuta ruhusa kwangu, hupati. Baada ya ubingwa ule wa 2012 goti la Ujfaluši liligoma, msimu wa 2012/13 Galatasaray wanabeba ubingwa tena na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na kina Drogba, yeye yuko kwenye matibabu. 2013 akarudi nyumbani kujiunga na Sparta Prague, watu wanasubiri kumuona, goti likakataa tena, akatundika daluga akiwa na miaka 35. Huyo ana madaktari wa klabu, ana mtu wa kumkanda asubuhi na jioni, ana barafu ya bure, na kiwanja chake kina nyasi. Wewe una kiwanja cha changarawe pale nyuma ya shule na barafu ya kuuzia juisi.

Goti linalovimba kila wiki halijapona Jumatano, limepumzika tu. Nenda hospitali wakulipige picha kabla ya Jumamosi hii, na ukienda kiwanjani waambie wakupe filimbi uchezeshe.